Nyeupe Inaenda na Timu Yoyote

Mwezi wa sita uwanja wa timu ya hoki ya Nyati hauna barafu. Msimu ukiisha huyeyushwa, maji yakaenda zake mtaroni, na kinachobaki ni saruji tupu na viti vilivyokunjwa, maelfu kwa maelfu, vinatazamana. Orest Hnatiuk alikatiza katikati ya saruji hiyo kwa kuwa ndiyo njia fupi ya kufika kwenye lifti. Vishindo vya viatu vyake vilimrudia kutoka juu kama vya mtu anayemfuata. Taa zilikuwa zimezimwa. Meneja mkuu ndiye aliyeamuru. Alisema uwanja usio na watu hauna haja ya kuona.

Ofisini kwa meneja mkuu taa zilikuwa zinawaka zote.

"Funga mlango, Hnatiuk," alisema Preston Wickett.

Orest akafunga. Alikuwa polisi wa jiji la Saskatoon kabla timu haijamchukua awe mtu wake wa usalama, na katika kazi zote mbili neno la kwanza la mkubwa lilikuwa hilohilo. Neno la heri halihitaji mlango ufungwe.

Nyuma ya Wickett ulisimama ubao wa chuma uliojaa vibao vidogo vya sumaku, kila kimoja kina jina la mchezaji na mshahara wake. Juu kabisa ulipigwa mstari mwekundu. Hilo ndilo dari. Ligi imeweka kiwango ambacho jumla ya mishahara ya timu hairuhusiwi kukivuka, na Nyati walikuwa wameligusa dari kwa utosi. Ukitaka kumwongeza mmoja, mwingine lazima atoke.

"Anatoka nani?" Orest aliuliza.

"Hukupaswa kujua. Hakuna aliyepaswa kujua." Wickett alibandua kibao kimoja, akakigeuzageuza vidoleni. "Raatikainen."

Eetu Raatikainen alikuwa golikipa wao, Mfini mmoja mkimya ambaye watu wa mjini walimpenda kwa sababu akifungwa bao hakumlaumu mtu.

"Mpango ulikuwa safi," alisema Wickett. "Tunamuuza kabla ya siku ya kuchagua vijana, timu zikiwa bado hazijagawana wachezaji wapya. Kimyakimya, kama watu wasio na haraka. Tunapewa beki kijana wa mshahara mdogo. Nafasi inayobaki chini ya dari namfungia mshambuliaji wetu kijana, Dallin Rempel, mkataba mrefu kabla wengine hawajamrukia. Lakini muuzaji akijulikana ana njaa, nani atampa bei? Jana wamenipigia mameneja watatu. Yule wa Halifax alikuwa anacheka. Ananiambia, 'Preston, tunasikia yule Mfini amekuelemea, tukusaidie kumbeba?' Halafu ananipa mchezaji mwenye nyonga mbovu, eti tubadilishane."

"Kuhusu Dallin walisema nini?"

"Hawakumtaja."

"Hata mmoja?"

"Nimesema hawakumtaja. Sikukuita uje unihoji mimi." Wickett alirudisha kibao ubaoni, kikagota. "Tuliojua ni wanne. Mimi. Sloane, aliyepiga hesabu zote. Kocha, ambaye tangu kikao kile alikuwa ziwani kwake, mahali ambapo hata simu haishiki. Na Gord Friesen. Nadhani hata wewe unaweza kutoa hapo."

Gord Friesen alikuwa mkuu wa wasaka vipaji. Alikuwepo Nyati kabla ya Wickett, kabla ya baba mkwe wa Wickett kuinunua timu, kabla hata ya uwanja wenyewe.

"Kwa nini yeye?"

"Alinipinga kikaoni mbele ya wenzake. Alisema kumuuza Raatikainen ili nimlipe Rempel ni kuuza mlango ununue pazia. Wenzake wakacheka."

"Kupinga si kuvujisha, bosi."

"Mwenye timu anakuja kesho asubuhi, nataka nimpe jina. Ukiniletea uthibitisho, vizuri. Usipoleta, jina ninalo."

Wakubwa wa namna hii Orest aliwajua. Humwita mpelelezi kama mtu anavyomwita seremala: vipimo ameshachukua mwenyewe, anachotaka ni ubao ukatwe.

*

Alianza na kocha, ili amtoe kwenye hesabu. Ilibidi apige simu kwenye duka la chambo lililo karibu na ziwa, na mwenye duka akatuma mtu na mtumbwi. Kocha alipofika kwenye simu alikuwa anahema. Alisema tangu aende huko hajazungumza na kiumbe isipokuwa samaki, na samaki wenyewe hawamjibu. Mwenye duka akathibitisha, bila kuombwa, kwamba kweli hawamjibu.

Kisha Orest akapanda kwa Sloane Petrakis, naibu wa Wickett. Sloane alikuwa na shahada mbili na meza moja, na juu ya meza hiyo mfuko wa mbegu za alizeti aliokuwa akizitafuna na kutema maganda kikombeni.

"Unakuja kunihoji, mzee?"

"Nakuja kukuhoji."

"Nimwite wakili?"

"Mwite. Mwambie apitie kahawa."

Akatabasamu kidogo, akausogeza mfuko. Orest akachota mbegu.

"Nani mwingine aliuona ule ubao?" Orest aliuliza.

"Hakuna. Huwa unafunikwa kwa shuka, na mfagiaji alipunguzwa kazi. Preston anafagia kwa macho." Akatema ganda. "Anabana kila kitu siku hizi. Taa, kahawa. Chumba cha vifaa wameambiwa wasiagize hata uzi wa ziada. Wachezaji tunawalipa mamilioni, halafu tunagombana na balbu."

"Na Gord?"

Sloane aliacha kutafuna.

"Alhamisi nilimwona kwenye mkahawa wa hoteli ile ya kando ya mto. Anakula na Lyle Amundson, msaka vipaji wa Halifax. Vichwa vimekaribiana hivi. Na Halifax ndio wa kwanza kupiga simu, mzee. Mimi nifanyeje?"

"Ulimwambia Wickett."

"Aliniuliza."

"Alikuuliza kama umemwona Gord, au alikuuliza kama Gord ni mtu wa namna hiyo?"

"La kwanza."

"Na la pili?"

"La pili hakuuliza," alisema Sloane, "na mimi sikulisema." Akageukia kompyuta yake, akaanza kuchapa kwa nguvu kitu ambacho Orest alikiona wazi kuwa hakina maana.

*

Friesen alikuwa kwenye mgahawa wa varenyky, vile vimaandazi vya kuchemsha vilivyojazwa ndani, mtaa wa ishirini, anakula peke yake kwenye meza ya watu sita. Mambo ya hoki mjini humo hayakai ofisini. Yalikuwa yameshafika mpaka jikoni. Mlinzi wa zamani wa uwanja aliingia, akamwona Friesen, akakumbuka kitu nje. Watu wawili wa redio waliokuwa wakimzunguka kila mwaka kabla ya siku ya kuchagua vijana walikaa meza ya mbali wakampa migongo.

"Kaa," alisema Friesen.

"Nimekuja kikazi."

"Basi kaa kikazi."

Orest akakaa. Lilikuwa jambo gumu kwake, na ugumu wenyewe ulikuwa na sababu. Majira ya baridi mawili yaliyopita mkewe Lesia alifia kwenye korido ya hospitali akisubiri kitanda, na waliotakiwa kukitoa hicho kitanda walikuwa kikaoni. Wakubwa wa timu walituma shada lenye kadi iliyopigwa chapa. Gord Friesen alikuja na koleo, akaondoa theluji mlangoni, akaenda zake bila kugonga. Akarudi Jumapili iliyofuata, na nyingine, mpaka theluji ikaisha. Sasa Orest alikuwa mbele yake na maswali.

"Alhamisi ulikula na nani?"

"Unajua. Usingejua usingeuliza."

"Nataka utaje mwenyewe."

"Lyle Amundson wa Halifax. Yeye nyama, mimi samaki. Kila mtu akalipa chake."

"Mlizungumza nini?"

"Mkewe amemwacha. Kaondoka na mbwa." Friesen alikata varenyk kwa ubavu wa uma, mvuke ukatoka. "Nadhani alimlilia zaidi mbwa."

"Na Raatikainen?"

"Hakutajwa."

"Si na wewe, si na yeye?"

"Orest, mimi najua siri za nusu ya ligi. Nani anakunywa, nani ana goti la udongo, nani baba yake anampiga. Ningekuwa mtu wa kuuza siri nisingekuwa nakaa kwenye nyumba yenye paa linalovuja."

"Ulikasirika alipotajwa kuuzwa."

"Sana. Nilimkuta kwenye kijiji ambacho hakina hata taa ya barabarani. Anadaka na glavu ya kaka yake, ya mkono usio wake. Nikasema huyu. Nikaambiwa nimechanganyikiwa." Aliweka uma chini. "Nilikasirika, na nikasema pale mezani, wakiwepo wote. Sasa mtu aliyekwisha kusema mbele, nyuma ataenda kusema nini?"

"Nani mwingine angeweza?"

"Hiyo kazi yako. Mimi nasaka watoto, watu wazima siwajui."

Mhudumu alikuja kujaza kahawa, akajaza kikombe cha Orest tu, akaenda. Friesen alikitazama kikombe chake kilicho kitupu.

"Unaniamini?" aliuliza.

Swali hilo Orest alishaulizwa na wezi, na waume waliowapiga wake zao, na mara moja na kasisi. Kwa wote alikuwa na jibu moja alilofundishwa kituoni, na likamtoka kwa mazoea.

"Sijafika huko."

"Haya," alisema Friesen.

Akarudia chakula chake. Orest alikaa mpaka kahawa ikaisha.

*

Alirudi uwanjani kupitia mlango wa nyuma, na huko ndiko ulikokuwa muungurumo pekee wa jengo zima: mashine ya kunoa viatu vya barafuni. Aliyekuwa akiiendesha ni Darcy Bellegarde, mtunza vifaa, mtu mnene mwenye sauti ya kanisani.

"Karibu kwa walio hai!" alipaza sauti juu ya mashine. "Huko juu kuna msiba wa nani?"

"Bado wanachagua maiti."

"Mimi wasinitazame. Nikifa nani atawafulia soksi?"

Orest aliketi juu ya pipa. Hakuja kuhoji mtu. Alikuja kwa sababu chumba hiki kilinuka jasho la watu, hata watu wenyewe wakiwa hawapo. Akawa anachambua kichwani. Mameneja watatu wanajua kuhusu Mfini. Kuhusu Dallin hawajui. Mtu aliyekaa kwenye kile chumba angejua yote mawili, na anayeuza siri haachi nusu nzuri dukani. Dallin ndiye nusu nzuri. Halifax wangejua Nyati wanahitaji nafasi kwa ajili ya kijana huyo, wangemwendea kijana mwenyewe. Hawakumwendea. Kwa hiyo aliyewaambia hakuwa chumbani. Aliona upande mmoja tu, upande wa golikipa.

"Darcy, unaweza kuzima hiyo kitu?"

"Kwa kahawa."

"Kwa kahawa."

Kelele zikakatika. Na katika ukimya huo ndipo Orest akaliona boksi kubwa pembeni, limefunguliwa juu, na ndani yake pedi za golikipa, yale magodoro mawili afungayo miguuni. Zilikuwa mpya. Zilikuwa nyeupe pepepe, kama sanda.

Alizikodolea macho. Pedi za Nyati zina kahawia na dhahabu, na kichwa cha nyati gotini. Watoto wa Saskatoon huzichora kabla hawajajua kuchora nyumba.

"Za nani hizi?"

"Za Eetu. Zimefika leo."

"Mbona hazina rangi?"

"Wewe nawe. Rangi inakatwa ngozi kwa ngozi, inashonwa kwa mkono, inalipiwa. Nyeupe inaenda na timu yoyote." Darcy alisema hivyo akitafuta kikombe kisafi, na alikuwa ameshakipata na kumimina kahawa kabla hajasikia alichosema. Akageuka polepole. "Ngoja. Hapana. Mimi sijui chochote, Orest."

"Nani alikuambia uagize nyeupe?"

"Bosi."

"Bosi gani?"

"Tuna mabosi wangapi? Wickett. Alishuka hapa mwenyewe, mara tu msimu ulipokwisha, nikasema leo kulikoni, pengine amepotea. Akasema za Raatikainen ziwe nyeupe, zisiwe na nembo. Nikamwambia Eetu hatapenda. Akaniambia, 'Akiondoka na pedi za kahawia na dhahabu tutakuwa tumemlipia nani hiyo rangi?' Halafu akaniambia nisiseme. Na sikusema!"

"Lakini uliagiza."

"Ningeshona mwenyewe?"

"Kwa fundi yupi?"

"Kwa Ghislaine, kule Quebec. Nusu ya magolikipa wa ligi wanavaa kazi yake. Alinipigia, akaniuliza, 'Darcy, mnamuuza?' Nikamwambia mimi ni dobi, mambo ya ndoa waulize wenyewe."

Orest aliiweka kahawa chini bila kuionja. Akaomba namba.

Ghislaine Thibodeau alipokea huku nyuma yake cherehani zikilia kama nyuki. Alikuwa mtu wa kusema moja kwa moja.

"Bwana, golikipa ana wazimu wake. Mmoja hataki uzi mwekundu, mwingine ananitumia picha ya mtoto wake niishone kwa ndani. Rangi ndiyo wanayogombania kuliko yote. Sasa mtu akiagiziwa nyeupe mwezi wa sita, na barua haitoki kwake inatoka kwa timu, sisi huku tunamwombea."

"Nani mwingine aliziona, mama?"

"Aliyeingia. Karakana yangu haina mapazia."

"Waliingia nani?"

"Wengi, bwana, huu ndio msimu. Kocha wa magolikipa wa Halifax alikuja kupima barakoa za vijana wake. Pedi zilikuwa mezani, jina limeandikwa kwa chaki mgongoni."

"Alisema nini?"

"Hakusema. Alipiga mluzi."

"Siku gani hiyo?"

Orest alimsikia akimuuliza mtu kwa Kifaransa, na mtu akijibu. "Jumatano. Ndiyo, Jumatano, Alhamisi tulifunga."

Orest alishukuru, akakata. Jumatano Halifax walikwisha kujua. Alhamisi Gord Friesen alikula samaki na mtu aliyemlilia mbwa.

"Ni mimi?" aliuliza Darcy. Sauti yote ilikuwa imemwisha. "Orest, niambie. Ni mimi niliyevujisha?"

"Wewe uliagiza pedi. Nipe moja."

Akaondoka nayo kwapani. Alimpigia Friesen akiwa kwenye maegesho, simu ikaita mpaka ikachoka. Akampigia Wickett, Wickett alikuwa anakula chakula cha jioni na familia ya mkewe na hakutaka kusumbuliwa. Akaenda nyumbani. Jua la Juni halikutaka kuzama, na chakula alichopasha moto alikila amesimama, pedi ikiwa imeegemea kiti cha pili.

*

Asubuhi aliwakuta wote watatu kwenye ile ofisi yenye ubao: Wickett, Sloane, na kocha aliyerudi kutoka ziwani na pua iliyobabuka. Kiti cha Friesen kilikuwa kimesukumwa ukutani.

"Umechelewa," alisema Wickett. "Gord nimemwachisha asubuhi hii. Funguo ameacha mapokezi. Mwenye timu nimeshampa taarifa, na ameafiki."

"Gord ulimpa sababu gani?"

"Kwamba tumepoteza imani naye."

"Sisi nani?"

Orest akailaza pedi juu ya meza. Ilikuwa kubwa, ikasukuma vikombe pembeni, na weupe wake ukafanya kila kitu kingine mezani kionekane kichafu.

"Hiki ndicho kilichosema," Orest akasema. "Iliagizwa nyeupe kwa ajili ya Raatikainen. Ilikaa wazi kwenye meza ya fundi anayewashonea nusu ya ligi. Kocha wa magolikipa wa Halifax aliiona Jumatano, siku moja kabla ya Gord kukutana na Amundson. Ndiyo maana wanajua kuhusu Mfini na hawajui kuhusu Dallin. Pedi haina habari za Dallin."

Kocha aliitazama pedi. Katika ujana wake alikuwa beki, na hata beki anajua. "Nyeupe," alisema kwa upole. "Juni. Yesu wangu."

"Nani aliagiza nyeupe?" aliuliza Sloane. Kisha akamtazama Wickett, na hakuuliza tena.

Wickett alikuwa ameinama anakwangua kitu kwenye meza kwa ukucha. "Ilikuwa ni uamuzi wa matumizi," alisema. "Uamuzi wa kawaida kabisa. Mtunza vifaa alitakiwa kuwa mwangalifu."

"Darcy aliambiwa asiseme. Hakusema," alisema Orest.

"Sawa. Basi hakuna aliyevujisha. Ni jambo jema. Andika hivyo: uchunguzi haukupata mhusika." Aliinua macho. "Gord ana umri wa kupumzika hata hivyo."

"Mimi siandiki. Mhusika nimempata."

"Una mkataba na timu hii, Hnatiuk."

"Ninao. Uko chini ya dari?"

Kocha alikohoa kicheko, akakimeza. Na pale Sloane akanyoosha mkono, akaisogeza simu ya mezani mpaka ikagusa mkono wa Wickett.

"Mpigie Gord, Preston."

"Baadaye."

"Mpigie sasa. Au nitampigia mimi, na sitaanza na salamu."

Akapiga, na kwa kuwa wote walikuwa wanamtazama aliweka sauti ya wazi. Safari hii mzee alipokea.

"Gord, ni Preston. Kumetokea hitilafu. Tumegundua kwamba habari haikutoka kwako."

"Nilikuwa nimeshagundua," ilisema sauti ya Friesen.

"Ilitokana na vifaa. Rangi ya pedi. Ni hadithi ndefu. Kwa kifupi nafasi yako iko palepale. Siku ya kuchagua vijana imekaribia, tunakuhitaji."

Kwenye simu kulisikika redio ikitoa bei za ngano.

"Nani yuko hapo?" aliuliza Friesen.

"Sote. Sloane, kocha. Hnatiuk."

"Basi nisikieni wote. Preston, wewe sikulaumu, wewe hunijui. Umenikuta kama ulivyovikuta viti. Lakini Sloane nilimfundisha kutazama miguu ya mchezaji badala ya mikono. Kocha alikaa kwangu alipofukuzwa na mkewe. Na Orest. Mmoja wenu angesema tu, 'Gord? Hapana, si yeye.' Hata bila uthibitisho. Hata akawa amekosea." Alivuta pumzi. "Nilingoja hilo tu. Kazi siitaki."

Simu ikakatwa. Sloane alikuwa anaitazama mikono yake. Kocha alisimama, akaenda dirishani, ingawa dirisha hilo linatazama ndani, kwenye saruji.

"Basi amekataa mwenyewe," alisema Wickett, na nafuu ilisikika katika sauti yake kama maji yanayopata njia. Akageukia ubao. "Tuendelee. Bado tumeligusa dari. Nani anachukua golikipa bila kutuibia?"

Orest alibandua beji yake kwenye mkanda, akaiacha juu ya pedi. Hakuna aliyemzuia.

*

Nyumba ya Friesen iko mwisho wa mtaa wa miti ya elmu. Alikuwa kibarazani, amekaa kwenye ngazi na shati la nyumbani, na mbele yake bustani isiyopandwa kitu, kwa sababu msaka vipaji hayupo nyumbani wakati wa kupanda wala wa kuvuna. Alimwona Orest anaegesha. Hakuinuka.

Orest alikuja mpaka kwenye lango, akasimama upande wa nje.

"Gord."

"Mpelelezi."

"Sijaja kuomba uwarudie."

"Vizuri."

"Jana uliniuliza kitu."

"Ulinijibu."

"Nilikujibu vibaya."

"Hapana. Ulinijibu kama polisi. Hukukosea." Friesen aliua mbu shingoni, akamtazama kiganjani. "Lakini sikuwa nimeuliza polisi."

Gari la taka lilipita, likasimama kwa jirani, likamwaga pipa lake, likaondoka. Walingoja lipite, kama watu wanaopisha maziko ya mtu wasiyemjua. Orest alikuwa na hotuba aliyoitunga njiani, yenye Jumatano na Alhamisi na yule mwanamke wa Quebec, hoja juu ya hoja, hakuna hakimu ambaye angeitikisa. Akaiona haina kazi hapa.

"Leo sina swali," alisema.

"Na huna kazi. Sloane amenipigia."

"Amesema nini?"

"Alilia. Nikamwambia atazame miguu." Friesen akamtazama kwa muda mrefu, jinsi alivyowatazama vijana maisha yake yote: kwanza miguu, kisha mabega, uso mwisho. Kama alimchagua au alimwacha, usoni hakikuonekana kitu. "Umekuja kusamehewa?"

"Nimekuja kukaa."

"Kusamehewa hakuna leo."

"Nimesikia."

Mzee alisogea kidogo kwenye ngazi. Hakusogea sana, nafasi aliyoiacha ilikuwa ya mtu mwembamba kuliko Orest. Orest akafungua lango, akaja, akajibana humo, na wakakaa bega kwa bega wanaitazama bustani tupu.